Ujumbe Ulisema Niko Salama

Nilibonyeza kitufe cha kuomba msaada, na simu iliyolia ilikuwa ya mtu aliyenifungia mlango.

Ililia mfukoni mwake. Akaitoa, akaisoma, akaniangalia. Wala hakukasirika.

"Unajisumbua bure," alisema. "Si niko hapa hapa?"

Najua wapo watakaosema natunga. Semeni tu. Mimi nasimulia ilivyokuwa, na sitalia, maana machozi yenyewe sijui yalikwenda wapi.

Ngoja nianze mwanzo.

Chuoni kwetu kulikuwa na app ya usalama wa wanafunzi. Unaweka watu watatu unaowaamini. Yakikukuta, unabonyeza kitufe cha pembeni mfululizo, na wote wanapata ujumbe na ramani ya ulipo. Anayekufikia kwanza anabonyeza "Nipo naye". Wenzake wanatumiwa ujumbe kwamba uko salama, wasihangaike.

Aliyetufundisha kuitumia ni kijana wa mwaka wa tatu. Tulimwita Balozi. Mpole, maneno asali, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alituwekea app kwa mkono wake, simu moja baada ya nyingine.

"Hujui wa tatu umweke nani? Niweke mimi, dada. Ndugu zako wako mbali."

Ni kweli, walikuwa mbali. Nusu ya darasa tulimweka.

Mimi niliweka mama, mwenzangu wa chumbani, na Balozi.

Huyo mwenzangu tulimwita Bibi. Jina tulimpa muhula uliopita, alipoanza kulala na kuku, kukemea kelele na kufunga mlango kwa komeo hata mchana. Siku moja nikamwona anamfuta Balozi kwenye orodha yake. Nikamtania.

"Bibi, kaka wa watu kakukosea nini? Au ulimtaka akakutolea nje?"

Alikuwa anakunja soksi. Akaendelea kukunja.

"Mfute na wewe," alisema.

"Kwa nini?"

"Mfute tu."

Sikumfuta. Nani anafuta namba ya msaada kwa sababu mwenzake kanuna?

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua kali, watu wanacheza mpira nje. Balozi aliniita ofisi ya klabu yake ya usalama nimsaidie kupanga mabango ya semina. Yaliandikwa "Hapana ni hapana", kwa herufi kubwa nyekundu. Nilikuwa nimepiga magoti nayakunjua niliposikia ufunguo ukizunguka.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza. Yaliyofuata mmeshayasikia: simu yake ikalia.

Mbele ya macho yangu akabonyeza "Nipo naye". Kisha akaiweka simu mezani, kifudifudi.

Nikawaza watu wangu. Mama yuko kazini kwenye cherehani. Bibi kalala. Wote wawili wameshaambiwa niko salama. Basi, hakuna anayekuja.

Sitaeleza zaidi. Nilimweleza muuguzi, inatosha. Ninachokumbuka ni bango moja lililokuwa kichwa chini, na mimi nikitamani kuligeuza likae vizuri.

Halafu mlango ukagongwa. Tena si kugongwa, ulipigwa mateke.

"Fungua! Niko na walinzi! Fungua!"

Hakuwa na mlinzi hata mmoja. Balozi alipofungua, mlangoni alisimama Bibi peke yake, taulo kichwani, kandambili mguu mmoja. Nyingine ilibaki kwenye ngazi.

"Aa, dada, tulikuwa tunapanga mabango," Balozi alisema, na tabasamu lake lile lile.

Bibi alimpita. Alinishika mkono, tukatoka.

Kwenye benchi la zahanati nikamuuliza, "Ulijuaje? Ujumbe si ulisema niko salama?"

"Ulisema. Ukasema na aliye nawe ni nani."

Akavua taulo kichwani, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

"Muhula uliopita na mimi nilibonyeza," alisema. "Wewe ulikuwa kwenye orodha yangu."

Nikafungua simu, nikarudi nyuma hadi nikaupata ujumbe wa siku ile. "Mwenzako yuko salama. Balozi yupo naye." Chini yake kulikuwa na jibu langu: kidole gumba, na neno moja, "Safi."

Wiki ile ile ndipo tulipoanza kumwita Bibi.

Nilitaka kumwambia pole. Kabla sijasema, akanisogezea taulo nijifunike.

Tumeandika maelezo, yeye yake na mimi yangu. Kamati ya chuo bado inakaa. Mjumbe mmoja alituambia kwamba kwa mujibu wa mfumo, yule kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa msaada, mara zote mbili.

Mama alipiga simu jioni ya siku ile ya tukio. Nyuma yake cherehani ilikuwa inanguruma.

"Mwanangu, nimeona ujumbe, nikashtuka! Lakini nikaona wewe ni mzima. Yule kijana nimemshukuru sana. Nimemwambia Mungu amzidishie."

Bibi alikuwa ameketi kando yangu. Akaniitikia kwa kichwa.

"Mama," nikasema, "zima mashine unisikilize. Safari hii nakwambia mimi mwenyewe. Siko salama."

Cherehani ikanyamaza.

Ndugu zangu, app sijaifuta, na sisemi mzifute. Ila ukiambiwa mwenzako yuko salama, usijibu "safi" ukaendelea na yako. Mpigie. Akipokea mtu mwingine, mwambie ampe simu. Asipompa, vaa hata kandambili moja uende.