Chupa Nyuma ya Kanga

Binti yangu alipotimiza miaka kumi na tano aliacha kula chakula changu. Hakugoma kwa kelele. Akirudi shule hufunua sufuria, akaona maharage ya nazi, akafunika taratibu kama mtu aliyekosea mlango, kisha akasema, "Sina njaa, Mama." Uongo mtupu. Alikuwa ameshiba kota, ule mkate wa robo unaotobolewa na kujazwa chipsi na soseji, unaouzwa kwenye spaza, kile kiduka kilicho chini ya fleti yetu hapa ugenini, Joubert Park. Siku nyingine hakula hata hiyo kota, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu tunakula sinia moja. Nilikaa peke yangu kwenye sinia la watu wawili, na nilichoka.

Nikamlalamikia mama yangu kwa simu, yuko Tanga. Mama hakuwa mtu wa kulalamikiwa bure. Alinunua chupa ya mafuta ya zaituni, akaisomea dua siku saba, akampa mfanyabiashara aliyekuwa anakuja huku kwa basi. Agizo lake: mjukuu apakwe tumboni, hamu ya kula itarudi. Nani ampake tumbo msichana anayefunga mlango hata akichana nywele? Nikaificha chupa kabatini, nyuma ya kanga. Binti aliponiuliza, nikamwambia ni dawa ya magoti yangu. Mama akafariki kabla sijamwambia kwamba sikuyatumia mafuta yake, na tangu hapo sikuthubutu hata kuifungua.

Mwaka huu wanafunzi wa chuo kikuu, wa kule Braamfontein, walikwenda shuleni kwa binti yangu na karatasi za maswali. Unakula samaki? Maharage? Karanga? Nyumbani mnatumia mafuta ya zaituni? Walitaka kujua kama wasichana wanakula kwa mtindo wa watu wa Bahari ya Mediterania, ambao inasemekana mioyo yao ni mizima. Binti yangu, ambaye hajawahi kufeli mtihani, alipata alama za kutia aibu. Alirudi amenuna.

"Haibo, Mama! Kumbe watu wanakula maharage kwa ajili ya afya!"

"Usiniambie. Na samaki?"

"Na samaki. Na mboga za majani."

"Masikini sisi, tutavipata wapi?" nikasema, na sufuria ya mchicha iko mbele yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimehubiri mwaka mzima, wageni wakamaliza kazi kwa karatasi moja.

Jumamosi nilipotoka sokoni nikamkuta amepanga sinia: maharage yangu, samaki wa jana, mkate, na kachumbari inayong'aa. Chupa ya mama ilikuwa mezani, wazi, imebaki nusu.

"Mafuta ya zaituni dukani ni ghali, eish," alisema. "Nikakumbuka ya magoti yako. Nimeyanusa, kumbe ni ya zaituni, yako sharp, hayajaharibika."

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Ile chupa ndiyo kitu cha mwisho mama alichonitumia. Nikafungua mdomo nimfokee, lakini alikuwa ameshanawa, amekaa mkekani, anamega mkate na kuchovya kwenye kachumbari. Akala. Akamega tena.

"Kaa basi, Mama, chakula kinapoa."

Nikakaa. Nililia kidogo, nikavisingizia vitunguu.

"Nitakununulia mengine ya magoti," alisema.

"Magoti yangu hayajawahi kuuma," nikamwambia, na ndipo nikamweleza yote, kuanzia ile simu ya Tanga.

Akaacha kutafuna.

"Bibi alisoma siku saba ili mimi nile?"

"Siku saba."

Akaitazama chupa. Kisha akalivuta sinia upande wake, akamaliza hata kachumbari niliyokuwa nimejitengea mimi.