Mitungi Iliyopanga Foleni Siku ya Kura

Nilikabidhiwa chupa ya wino asubuhi na mapema, na kwa muda sikuweza kuacha kuitazama. Ilikuwa chupa ndogo tu ya wino wa zambarau, wa kuchovya vidole vya wapiga kura, lakini niliishika kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sikuwa nayo, na sasa serikali ilikuwa imeniweka nyuma ya meza, katika shule ya msingi kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kakuma, niwe karani wa uchaguzi. Ulikuwa mwisho wa mwaka 1992. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, redio zilikuwa zikisema kura ya siri, kura ya siri, na mimi nilitamani kuruka kama vijana wanavyoruka kwenye edonga, ngoma yetu.

Huenda mtu wa mahali pengine asielewe furaha ile. Jimbo letu lilikuwa kubwa mno. Mgombea aliweza kumaliza kampeni bila kuonana na nusu ya watu wake, na wale aliowaona wakawa wamehama na mifugo kabla ya siku ya kura. Nilipokuwa mdogo, wagombea walitambulishwa kwa alama: mmoja taa, mwingine saa, mwingine jembe. Jembe, Turkana! Wazee wetu waliitazama ile picha wakauliza ni mnyama gani huyo, na anakamuliwa wapi. Mwenye jembe hakuambulia kitu, maskini, na nasikia hakugombea tena.

Kisha mwaka 1988 ukaja mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Picha za wagombea zilishikwa juu mchana kweupe, na wewe ukasimama nyuma ya picha ya mtu wako, watu wakahesabiwa kama mbuzi. Mama yangu alisimama nyuma ya mwalimu mmoja aliyekataa kufunga shule yetu wakati wa ukame. Mlolongo wa mwalimu ulipita uwanja ukafika kwenye uzio. Ule wa mheshimiwa, aliyekuwa mbunge wetu tangu zamani, ungeweza kukaa wote kwenye kivuli cha mti mmoja. Nililiona hilo kwa macho yangu. Akatangazwa mheshimiwa.

Hilo mama angelisamehe. Ila chifu wetu alikuwa amekaa pale na kiti chake, akitazama nani yuko wapi, na kichwa chake hakikusahau uso hata mmoja. Mahindi ya msaada yalipokuja, aliyesimamia ugawaji ni yeye. Mama alifika mbele, chifu akamwambia, "Wewe nenda ukale kwa mwalimu." Mwaka ule tulitafuna makoma, yale matunda magumu ya kando ya mto, mpaka mataya yakauma. Nikikumbuka, hasira hunipanda hata leo.

Kwa hiyo mwaka 1992 mama alitaka mambo mawili, na hakuwa tayari kuacha hata moja: ampigie kura mtu wake, na gunia lake lisirudi nyumbani tupu. Mwalimu alikuwa amesimama tena. Nilimweleza mama habari ya kibanda, pazia na karatasi inayokunjwa. Alinifanya nieleze mara nyingi. Mwishowe akauliza, "Chifu hawezi kuingia na mimi pale ndani?" Nikasema hawezi. Akacheka peke yake kama msichana.

Basi asubuhi ile watu walikuja kwa wingi, wamejifunga shuka safi, shanga zimepakwa mafuta zikameremeta. Akina mama wengi walikuwa wamebeba mitungi yao ya plastiki, ile ya njano iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, kwa sababu wakishapiga kura wangeteremkia laga, mto wetu mkavu, kuchimba maji. Msimamizi wa kituo alikuwa ametoka Kenya, kama tunavyosema sisi kwa mtu yeyote kutoka kusini. Alikuwa mtu mzuri, mwenye kutoka jasho jingi. Kwa haraka ya kazi aligawa majina mafungu mawili kwa herufi, akafungua madarasa mawili, meza moja kila darasa, foleni moja kila mlango. Meza ya pili ilikuwa yangu. Majina mengi ya wanawake wetu huanza kwa Na, kwa hiyo nusu ya akina mama wa kata nzima walikuwa wangu.

Na chifu akaleta kiti chake, akakiweka karibu na mlango wa kwanza. Mpaka leo sijui kama alifanya makusudi au alifuata kivuli. Watu waliona milango miwili, na chifu kando ya mmoja. Wakakumbuka mlolongo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa la kufanya. Kituo kizima kilijipanga kwenye mlango wa kwanza, wakabanana kifua kwa mgongo, na mlango wangu ukabaki na kuku mmoja aliyekuwa akidonoa kizingiti.

Nilikaa na wino wangu. Kupitia dirishani nilisikia karani wa meza ya kwanza akisema, "Mama, jina lako haliko huku. Nenda mlango ule mwingine." Mama yule alitoka, akautazama mlango wangu mtupu, akamtazama chifu, akajitwika mtungi akaenda zake. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu aliambiwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiswahili, "Mimi hapana simama pale. Mimi iko na watoto." Nilitoka nje mbio, nikapaza sauti kwa Kiturkana kwamba foleni si kura, kura iko ndani ya karatasi. Walinisikiliza kwa heshima zote. Hakuna aliyesogea. Msimamizi naye akapiga kelele, "Herufi, wananchi! Ni herufi tu!" Kwa watu ambao hawakuwahi kuhitaji herufi, hilo lilizidi kuwatisha.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa amefika meza ya kwanza na akaambiwa kama wenzake. Alitoka, akasimama uani na mtungi wake mkononi. Kati yake na mlango wangu palikuwa na uwanja mweupe, na macho ya chifu. Nilirudi mezani kwangu kwa sababu karani hana ruhusa ya kumvuta mtu, hata kama ni mama yake mzazi. Nilipotazama tena dirishani, hakuwepo. Nikajua amekwenda nyumbani, na nikataka kuipasua ile chupa ya wino ukutani.

Kisha nikasikia tako la plastiki likigonga saruji ya kizingiti. Nikageuka. Mtungi wa njano ulikuwa umesimama mlangoni kwangu, peke yake, bila mtu. Kuku alikimbia. Ukaja mtungi wa pili nyuma yake, kisha wa tatu.

Kwetu kisimani hakuna mtu anayesimama foleni. Jua lile litakuua. Kinachosimama ni mtungi, na wewe unakaa kivulini unaongea na wenzako. Maji yakipatikana, aliye karibu anausogeza wako pamoja na wake, na zamu yako haiibiwi na mtu. Mama alikuwa amezunguka nyuma ya darasa mahali akina mama walipokuwa wakijadiliana kuondoka, akawaambia kitu kimoja tu, kama walivyonisimulia baadaye: "Kwani leo ni nani amesema tusimame?"

Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuona! Mitungi ilimiminika. Asiye na mtungi aliweka kibuyu, asiye na kibuyu aliweka kiatu cha tairi. Wanaume nao wakaona hawawezi kubaki juani peke yao. Wakatoka kwenye foleni ya kwanza, wakaacha pale vigoda vyao vya kulalia kichwa, nao wakaja kivulini. Milango yote miwili ikawa na vyombo, na watu wote wakawa kundi moja chini ya migunga, wakicheka, na hakuna aliyesimama nyuma ya mtu. Mawakala wa mheshimiwa walimkimbilia msimamizi kulalamika. Alifuta jasho, akafikiri, akasema, "Sheria inataka watu wapige kura. Haijasema wasimame." Nilitaka kumkumbatia.

Chifu aliinuka na fimbo yake. Akaja mpaka mlangoni kwangu, akagonga mtungi wa mbele. "Huu wa nani?" Akaugonga tena. "Nauliza, mtungi huu wa nani?" Watu wakatazama miguu yao, kisha mwanamke mmoja akainuka polepole kutoka kivulini, akisafisha koo. Alikuwa mke wake. Jina lake lilikuwa kwangu pia, na kwa kuwa ni mke wa mkubwa, akina mama walikuwa wameusogeza wake mpaka mwanzo kwa adabu. Chifu aligeuka, akarudi kwenye kiti. Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Mwanamke mmoja Msudani, wa kambi mpya ya Kakuma, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, aliona mitungi akaja mbio akiuliza, "Moya fi? Moya fi?" Maji yapo? Tulipomwambia ni uchaguzi, aliketi kwenye mzigo wake atazame, akasema kwao hajawahi kuona kitu kama hiki. Nikamwambia hata kwetu.

Mama aliingia zamu yake ilipofika. Nilimwuliza jina lake, kwa sauti ya serikali. Akalitaja kwa sauti ya serikali pia, akinikazia macho nisije nikacheka. Nilikishika kidole chake chenye kovu la kamba ya kisima, nikakichovya wino, nikampa karatasi. Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu mno, mpaka wakala mmoja akakohoa. Alipotoka aliitumbukiza karatasi, akaligonga sanduku kwa kiganja kama mtu anayemwachia ng'ombe aende malishoni, akatoka bila kuniangalia. Nililia mbele ya mawakala wote na sikuona aibu.

Jioni masanduku yalipandishwa lori kwenda Lodwar, na akina mama wakaliimbia lori mpaka vumbi likalimeza. Siku zilizofuata tuliishi na sikio redioni. Mheshimiwa alishinda tena. Niliitukana redio. Mama alikuwa akisuka mkeka, akasema tu kwamba safari hii angalau wametushinda kwa kuhesabu, akaendelea na mkeka wake.

Kwake jambo halikuwa limeisha. Lilibaki lile la pili.

Mahindi yalikuja mvua ilipochelewa. Tulikwenda pamoja, mama na gunia lake tupu, mimi nyuma yake. Chifu alisimama kando ya mpimaji kama kawaida yake, akitazama nyuso. Wakati wa mlolongo angejua. Sasa alikuwa akimtazama kila mtu kwa muda mrefu, akikunja uso, kisha anaachilia. Mama alipofika mbele, akanyoosha fimbo.

"Wewe," akasema. "Siku ya kura ulikuwa foleni gani?"

"Mimi sikuwa foleni, bwana chifu," mama akajibu, kwa upole kabisa. "Aliyekuwa foleni ni mtungi wangu. Nikuletee umwulize?"

Nyuma yetu mtu aliangua kicheko, kisha foleni nzima. Chifu aliteremsha fimbo. Mpimaji hakungoja neno lake. Alizamisha debe kwenye mahindi, akalimimina lote ndani ya gunia la mama.