Santuri ya Mfini na Sindano Yangu

Wivu wangu mkubwa haukuwa wa mwanamke. Ulikuwa wa santuri. Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, vijana wa Tukuyu walianza kutembea na redio kaseti za Dubai mabegani, lakini rafiki yangu wa Ibighi, jirani niliyekula naye sahani moja tangu utoto, alipata kitu ambacho hata Mbeya hawakuwa nacho. Kijana wa Kifini aliyekuja kutandaza mabomba ya maji, siku ya kuondoka, alimpa santuri ndogo ya kwao. Alimpa yeye! Mimi ndiye niliyemfundisha Mfini yule kusema "ugonile", salamu ya kwetu. Mimi ndiye niliyempelekea ndizi mbivu kila Jumamosi. Jamani, iliniuma.

Gramafoni ilikuwa kwetu, ya betri, ya marehemu baba, kwa hiyo ilibidi aje. Mama yake akaja pia na kitenge cha kanisani, maana Wafini aliowajua yeye walikuwa wamisionari tu. Akakaa, akafumba macho kungoja wimbo wa Mungu. Loo! Ngoma zikakimbizana, magitaa yakakwaruza, mtu akafoka kama anayefukuza nguruwe shambani, na kabla hujakohoa wimbo umekwisha. Mama akafumbua macho, akashukuru, "ndaga", kisha akauliza kwa upole kama Wafini wote husali haraka hivyo.

Tangu siku ile sifa zote zikawa za rafiki yangu. Hakujua maana ya neno hata moja, lakini aliyafoka yote, na vijana wakawa wanatoka mpaka Kiwira kuja kumsikiliza. Sebule yetu, betri zangu, shukrani zake. Mimi nilikuwa wa kugeuza santuri tu. Kizuri kula na nduguyo, sawa, lakini mbona mimi nilikuwa nanawa tu, sili?

Siku moja nikaichomoa sindano ya gramafoni, nikaificha kwenye kopo la majani ya chai, nikamwambia imevunjika. Akanipa pole kama niliyefiwa. Hiyo pole nayo nikaichukia.

Haukupita mwezi akapata kazi Dar. Asubuhi ya safari akaja na santuri, akaniwekea mikononi.

"Kaa nayo wewe, ndugu yangu. Ukipata sindano, ipige kwa nguvu, mama asikie."

Miezi mitano sikuipiga. Ningeipigaje? Mama yake alikuwa ng'ambo ya ua, angesikia, angemwandikia, naye angeuliza sindano nimeitoa wapi. Kopo la chai nikalipandisha juu ya kabati.

Kisha mchana mmoja wa mvua mama yake akaingia na kifurushi kutoka Dar. Ndani kulikuwa na sindano mpya. Mwanawe alikuwa ameisaka Kariakoo nzima. Akakaa pale pale alipokaa siku ile, akafumba macho. Nikaifunga sindano, nikaweka santuri. Mfini akafoka, na mimi machozi yakanitoka.

Mama akafumbua macho, akaniona.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Najua mnapendana. Atarudi."