Ndege Wanakuja, Ndege Zinakuja

Mtoto akipiga kelele "Ndege!" shambani, utatazama mpunga au utatazama mbingu?

Asubuhi niliyotumwa kusini ilikuwa ya kawaida kabisa. Baba alikuwa ameketi uani kwetu Temeke, kinyago cha mpingo katikati ya magoti, mie nikimbishia kama nilivyombishia kila likizo ya chuo. Kama dada yake hataki kuhama mpakani, nani wa kumlazimisha?

Alipuliza vumbi la mpingo. "Wewe unabishana na kila mtu. Kabishane na shangazi yako. Nimebakiwa na yeye tu."

Nikaenda. Nikabishana. Shangazi akakubali.

Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru, na ndege zao zilishaanza kuvuka na kutupa mabomu upande wetu. Tuliondoka kwa tela la trekta la kijiji cha ujamaa, tumekaa juu ya magunia ya muhogo mkavu. Dereva, Saidi, alikuwa kijana wa Buguruni, mgeni kule kama mie. Trekta ilinguruma hata ikabidi tuongee kwa kupayuka.

Bondeni watoto walikuwa juu ya madungu, wakigonga madebe kufukuza ndege wasile mpunga. Mmoja akasimama.

"Ndege!"

Niliruka, nikalala mtaroni, uso kwenye tope.

Saidi alipunguza mwendo ili acheke vizuri. "Dada wa chuo, hao ndege wa mpunga. Huko mnasomeshwa nini?"

Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. "Panda, mama, wasije wakakudonoa."

Nilitazama juu. Mawingu tu. Nikapanda, nikicheka nao.

Kisarufi jambo hili ni jepesi: ndege wanakuja, ndege zinakuja. Lakini mtoto mwenye hofu hamalizi sentensi.

Mbele kidogo tukasikia tena.

"Ndege!"

Hatukusogea. Shangazi alinitazama akitabasamu, aone kama nitaruka.

Kivuli kilipita juu ya magunia.

Kisha vumbi.

Kisha trekta ikanyamaza.

Saidi na mie tulitoka na majeraha. Shangazi tulimzika kijijini kwake, palepale alipokuwa amekataa kupaacha. Baba aliniuliza jambo moja tu: kama alikuwa amekubali kuja kwa hiari yake. Nilisema ndiyo. Ilikuwa kweli, na haikutusaidia.

Vita vile vilikuwa vya haki. Sijawahi kusadiki kwamba hilo linapunguza chochote.

Miaka mingi baadaye, sokoni Buguruni, nilikutana na mama muuza mchele ambaye utotoni alikaa kwenye madungu yale. Nikamsimulia kelele zile mbili, ya ndege wa mpunga na ya ndege za vita.

Aliacha kupima mchele.

"Zote zilikuwa za vita, dada yangu. Ndege ya kwanza ilipita juu ya mawingu, tuliisikia tu. Wa mpunga tulipigwa marufuku hata kuwataja. Hao tuliwagongea madebe tu."