Bibi Alivuta Wakati Ujao

Jirani yangu hapa Ntobeye huvuta tumbaku ya kusokota, na upepo ukigeuka moshi wake huingia jikoni kwangu bila hodi. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mimi husimama na mwiko mkononi, nikauvuta kidogo kama mwizi, na hapo hapo Kifaransa huanza kunijia: nyumba, sufuria, paka yuko juu ya meza. Kisha kinakatika. Kinakatika palepale kilipokatika nikiwa darasa la tano, kwa sababu kilichofuata kilivutwa na bibi yangu.

Ngoja nieleze polepole, maana nikisema hivyo watu hudhani nimechanganyikiwa.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama. Mama mwenyewe alikuwa Benaco, kule malori yanakolala kabla ya kuvuka mpaka, akiwauzia madereva chai, chapati na maharage. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na kila alipoaga nilimng'ang'ania upindo wa khanga. Siku moja, ili kunibandua tu, akaniambia, "Wateja wangu ni watu wa Burundi na Kongo. Siku ukiweza kuwahudumia kwa Kifaransa, nakuchukua tukae wote, na shule utahamia huko." Akapanda pikipiki akaondoka. Yeye alikuwa amesema neno tu. Mimi nilikuwa nimesaini mkataba.

Na kitabu kilikuwepo, juu ya kabati la vyombo. Aliyekiacha ni mtu wa kambini aliyewahi kulima na Bibi enzi za wakimbizi, mimi sijazaliwa. Kilikuwa na masomo arobaini: kushoto Kifaransa, kulia Kiswahili cha Kongo, ambacho nacho ilibidi nikijifunze. Ukurasa wa yaliyomo niliukariri kama sala. Masomo ishirini ya kwanza yalikuwa ya nyumbani, jikoni na shambani. Kuanzia la ishirini na moja mambo yalichangamka: wakati ujao, kituo cha basi, mizigo, mpakani, kuagana. Shule ilikuwa imefungwa. Nikapanga somo moja kwa siku, halafu kwaheri Ntobeye.

Sikutulia tena. Nilikariri nikiteka maji, nikichambua maharage, nikifukuza kuku. Mwalimu sikuwa naye, kwa hiyo kila herufi niliisoma kama ilivyoandikwa. Karibu kila sentensi ilianza na neno "Je". Sasa wewe niambie, mtoto aliyesoma Kiswahili shuleni akikuta "Je" mbele ya sentensi, atafanya nini? Atauliza. "Je suis à la maison", kulia wameandika "Mimi niko nyumbani", nami nikaona mfasiri amesahau alama ya kuuliza. Nikamsamehe. Nikazunguka kiwanja kizima nikiipaza sauti mwishoni: je, suisi a la maisoni?

"Hiyo ni lugha au una mafua?" Bibi akauliza, kwa Kihangaza chetu.

"Kifaransa, Bibi."

"Basi nenda kapenge."

Wiki hiyo hiyo mbuzi alikanyaga kiko cha Bibi, kile cha udongo, kikawa vigae. Asubuhi iliyofuata nilifungua kitabu na kukuta somo la arobaini halipo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akilamba ukingo wa msokoto mnono, na pembeni mwa msokoto huo nikaona Kifaransa.

"Bibi, hicho ni kitabu changu."

"Karatasi yake nyembamba," akasema, akichukua kaa la moto. "Ya daftari lako inanikohoza."

Kuanzia siku hiyo yakawa mashindano. Mimi nilikuwa nakula kitabu kutoka mbele, Bibi anakivuta kutoka nyuma. Nilikificha chini ya godoro, kwenye gunia la maharage, hata ndani ya sufuria ya sikukuu. Nyumba ya vyumba viwili haina siri. Alikipata, akachana, akakirudisha palepale nilipokificha, kwa adabu kabisa. Nikaongeza mwendo, masomo mawili kwa siku, nalala Kifaransa kimenijaa mdomoni. Yeye naye akaongeza misokoto. Ukurasa mmoja tu wa nyuma ulisalimika, somo la thelathini na sita, lenye picha ya ng'ombe na ndama wake. Ulibaki peke yake kama jino la mzee, na mimi nikahesabu kuwa ni bahati.

Tulikutana katikati. Nilipomaliza somo la ishirini, la ishirini na moja lilikuwa linaungua mdomoni mwa Bibi. Siku ya gulio akanunua kiko kipya.

Mama alipokuja nilimtangazia kwamba najua Kifaransa. Hakufurahi kama nilivyotarajia, lakini neno ni neno. Asubuhi akanipakia mbele yake kwenye pikipiki. Benaco ilinuka dizeli na vitunguu. Dereva mmoja mnene, mtu wa Bujumbura, alikuwa anachovya chapati kwenye chai. "Haya," Mama akasema, "mwongeleshe."

Nikamwamkia shikamoo kwanza, nikasimama wima, na sentensi yangu bora kuliko zote ikatoka, na mkia wake juu: je, suisi a la maisoni?

Dereva akaacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama Mama, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Mama, huyu mtoto anauliza kama yuko nyumbani."

Mama hakucheka. Aligeukia kikaango, akageuza chapati ambayo ilikuwa imeshageuzwa. Nikatazama ile meza: madereva wote, wa Kongo kwa wa Burundi, walikuwa wanaagiza kwa Kiswahili. Jioni nilirudishwa.

Bibi alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Kwa hasira, na kwa kuwa sikuwa na sentensi nyingine, nikamtupia ileile: je, suisi a la maisoni?

"Ndiyo," akajibu, bila kuinua kichwa.

Miaka mingi nilisema Bibi aliniharibia maisha kwa ajili ya tumbaku. Tulipomzika ndipo nilipokishusha kitabu. Kwenye uzi wa katikati vilibaki vipande alivyoviacha akichana: nusu ya gurudumu la basi, kona ya sanduku, mkono unaopunga. Bibi hakujua kusoma. Picha alizijua. Ng'ombe alimwacha, kwa kuwa ng'ombe haendi Benaco. Na Mama, ambaye hakuwahi kuhitaji neno moja la Kifaransa pale kazini, alikuwa amenipa mlima aliodhani sitaupanda, kwa sababu kitanda chake kilikuwa turubai nyuma ya jiko, katikati ya malori.

Mmoja aliogopa nitaweza, mwingine alitegemea nitashindwa, na mimi katikati nakimbia na sufuria yenye kitabu.

Leo naishi kwenye nyumba ileile. Wenzangu niliosoma nao sekondari wako Mwanza na Dar es Salaam, wananitania kwamba hata Ngara mjini naenda kwa kusukumwa. Nawajibu kuwa kosa si langu, wakati ujao sikuufikia. Moshi wa jirani ukiingia jikoni, huwa nauliza tena lile swali langu, kwa sauti, mkia wake juu. Halafu natazama mlangoni, kilipokuwa kigoda cha Bibi.