Waya Mpya wa Kigari cha Baba

Krismasi iliyopita, kwenye kikao cha familia, kaka yangu mkubwa alitoa hoja kwamba kigari cha marehemu baba kiuzwe. Kilikuwa kimetuacha njiani mara nyingi mno, na kila mara yeye ndiye aliyepigiwa simu. Tukakubaliana kipewe nafasi moja. Kisipomfikisha mama ndivani, kijijini kwetu Mhezi, siku ya msaragambo, kinauzwa. Mama aliitikia, na kwetu Wapare neno la kikao ni kesi iliyokwisha hukumiwa. Mimi niliitikia pia, roho ikiniuma.

Mama anaishi nami hapa Same tangu nyonga ilipoanza kumsumbua. Ndiva ni bwawa la udongo linalonywesha mashamba ya ukoo wetu kule juu. Likijaa matope pembe hupigwa, na kila nyumba hutoa mtu na jembe; kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Kwa umri wake mama amesamehewa, lakini hataki kusamehewa. Huenda na sufuria la makande, akaketi ukingoni na kuwasimamia watu ambao hawajamwomba awasimamie.

Wiki ile ya safari, waya wa klachi ulikuwa umebaki nyuzi chache. Nilikuwa nimeikaza nati yake hadi mwisho, na bado gia ya kwanza iliingia kwa kelele za kutia aibu mbele ya majirani. Nikanunua waya mpya, nikafungua boneti uani. Kazi hii alinifundisha baba, nami naipenda. Unauchomoa waya kwenye giaboksi, unajikunja chini ya usukani kuunasua kwenye pedali, kisha unauvuta utokee kwenye tundu la ukuta wa injini. Ulipofika wakati wa kurekebisha mkazo, mama aliketi kwenye kiti cha dereva, akawa anabonyeza pedali kwa mkongojo wake.

"Bonyeza, mama."

"Nimebonyeza."

"Achia."

"Nimeachia. Harakisha, maharage yanaungua."

Waya ulikuja na kikombe chake kipya cha plastiki, kile kinachoukalisha vizuri kwenye tundu. Nikakigeuzageuza cha zamani. Nikasema bado kizima. Mama akasema kizima kabisa, kipya tukitunze. Watani wetu, wanaotuita Wapare wabahili, wakisikia haya watacheka, na wacheke. Kipya kikaingia kwenye kopo la misumari, cha zamani kikarudi kazini.

Tuliondoka alfajiri. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, pedali ilikuwa laini mpaka nikaanza kuimba. Mama akaitikia kwa sauti ya pili, ile ya kwaya ya usharikani, huku ameshikilia sufuria kwa miguu. Kwenye kona ya mwisho nilikanyaga klachi ili nipunguze gia, nikasikia kitu kikipasuka. Pedali ikalala sakafuni, injini ikazima. Kikombe kile kizima kabisa kilikuwa vipande.

Kaka alikuwa amekuja kutoka Dar na kulala Mhezi tangu jana yake, na sasa alikuwa akipanda na wenzake kuelekea kwenye msaragambo, majembe mabegani. Akaja dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Basi kimeshindwa."

"Tumefika?" mama akauliza.

"Bado."

"Basi usikate kesi katikati. Sukumeni."

Niliweka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, wakasukuma, nikazungusha ufunguo. Kigari kikaruka, kikawaka, kikaondoka. Bila klachi sikuthubutu kusimama. Tuliwaacha wasukumaji kwenye vumbi, mama akiwapungia mkono, tukafika ukingoni mwa ndiva kabla yao. Hapo nikakanyaga breki mpaka injini ikazima.

Kaka alifika akihema. Watu wakaweka majembe chini, maana kwetu kesi ikianza hakuna achimbaye.

"Kimesukumwa," kaka alisema.

"Tulisema kisipofika," mama akajibu. "Kimefika. Tena kimewatangulia."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Kaka hakucheka.

"Mama, hiki kitakuja kukuua. Mimi nitakukodia gari zuri, siku yoyote unayotaka."

Mama alipojibu, sauti ya kesi ilikuwa imemtoka.

"Kila nikikumbuka kwangu nikupigie wewe simu Dar, nikuombe? Baba yenu aliniachia hiki ili nisiombe. Mkikiuza, mwanangu, mlima huu nitaupanda mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa nimeketi."

Kaka akalitua jembe lake.

"Spana ziko wapi?"

Nikamwambia spana zipo, ila kikombe kipya kimebaki Same, kwenye kopo la misumari. Mama akafungua fundo la kanga yake, akakitoa.

"Ulikuwa nacho kule chini?" nikapayuka.

"Kule chini tungechelewa."

Kaka akavua shati lake la safari, akajikunja chini ya usukani, miguu ikabaki nje kama ya baba. Tulimsikia akigonga, akiguna, akigonga tena. Kisha akatoka, akazunguka mbele kwenye boneti, mikono myeusi mpaka viwikoni, akashika nati ya waya.

"Mama," akaita, "kalia kiti cha dereva. Bonyeza."