Mbuzi wa Mgeni

Bosi wangu alikuwa anaandika makala kuhusu farasi. Mwaka ule wabunge wa Marekani walikuwa wanabishana kama machinjio ya farasi yafunguliwe tena au la, na yeye, mhariri wa jarida letu dogo pale Saint Paul, kila wiki alikuwa na la kusema. Mchinja farasi ni muuaji, basi. Kwamba farasi mzee asiyetakiwa hupakiwa kwenye trela akachinjwe nchi nyingine, au huachwa tu afe njaa, hilo hakuliandika. Hajawahi kufuga hata kuku, mama wa watu.

Mimi nilikuwa upande wa kompyuta, naweka makala zake kwenye tovuti, mdomo nimeufunga. Nimekulia Singida, kwenye zizi la baba, nilikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini kibali changu cha kazi kilikuwa kinaisha, na barua ya kuomba kingine ilikuwa mezani kwake ikisubiri saini. Asiposaini, mimi, mume wangu na kichanga chetu tunafunga mizigo. Nilimwogopa mpaka nikisikia viatu vyake kwenye korido najifanya nachapa.

Mama yangu alikuwa amekuja kunisaidia uzazi. Tukapanga kumchinjia mjukuu wake mbuzi, kwa mkulima mmoja nje ya mji anayewauzia Waafrika. Bosi aliposikia kuna sherehe shambani akajialika. Ningemkataliaje? Nikajipa moyo kwamba atafika nyama imeshaiva, hatauliza.

Akafika mapema, jamani! Na mama, aliyejua tu kwamba huyu ndiye anayemlisha binti yake, akamfanyia heshima ya kwetu: mgeni mkubwa huonyeshwa mbuzi wake akiwa hai, amguse, aridhike, ndipo achinjwe. Akamkabidhi kamba.

"Mwambie huyu ni wa kwake," mama akaniambia.

Nikamwambia hivyo hivyo. Kwa woga sikuongeza neno. Bosi akapiga magoti, akamkumbatia mbuzi huku machozi yanamtoka, akasema hajawahi kupewa zawadi kama hiyo, atamweka kwenye gereji ya nyumba yake Bloomington mpaka ampatie mahali pa kumlea. Nyuma yake mume wangu alikuwa ameshika kisu. Akakificha ndani ya koti.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Ameshukuru."

"Mbona anamwingiza kwenye gari?"

Nikamfuata mkulima kumuuliza bei ya kuku. Siku hiyo tulikula kuku.

Nilijua mbuzi hafugwi gereji, peke yake. Nilijua akishindiliwa mikate na nafaka tumbo litavimba. Kazini bosi akawa ananionyesha picha kwenye simu: mbuzi anakula mkate, mbuzi anakula keki. Nikasema anapendeza sana. Ningesema nini? Kwamba habari za mbuzi nazijua kwa sababu nimewashika miguu wakichinjwa tangu nina miaka saba? Nilimrudishia simu yake.

Siku ya sita alifika kazini mchana, macho mekundu. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, kuna mtu kamwambia. Kumbe mbuzi amekufa. Tumbo lilimvimba tangu juzi, likawa gumu kama ngoma, akawa analia na kusaga meno, na yeye akazidi kumpa mkate akidhani ana njaa. Siku mbili, Mungu wangu! Kwa kisu cha mume wangu ingekuwa dakika moja.

"Wewe kwenu kuna wanyama wengi," akasema. "Niambie ukweli. Aliteseka?"

Nilikaribia kumwambia, haki ya Mungu. Kisha nikaiona barua yangu chini ya kiwiko chake.

"Hapana," nikasema. "Alikufa akijua anapendwa."

Akanishika mkono, akalia, akasema hayo hayo ndiyo atakayoyaandika wiki hii. Akavuta kalamu, akasaini. Kesho yake makala ikaletwa kwangu niiweke kwenye tovuti. Maneno yangu yalikuwa aya ya kwanza, na chini yake jina langu, binti wa wafugaji, anayejua. Nikaiweka.